Kistari Mwanzoni mwa Neno

Winfrida mwanangu,

Marahaba. Najua hata karatasi utaisalimia kwanza kabla ya kuisoma, ndivyo Bibi yako alivyokulea, basi nakuitikia mapema nisije nikasahau.

Umekwenda Lisekese kumuaga huyo Bibi, na utarudi jioni umechoka, una vumbi na mfuko wa korosho ambao hukuweza kuukataa. Alfajiri kuna basi. Mimi nimekaa kwenye kompyuta ya mama yako, nachapa kwa vidole viwili kama kuku anayedonoa, na yeye yuko nyuma yangu anamenya karanga. Kila neno ninalolimaliza mashine inalitamka, kwa hiyo barua hii ina msikilizaji mmoja kabla yako, na msikilizaji mwenyewe si mtu wa kunyamaza. Nikimaliza nitaipeleka steshenari wakaichapishe kabla hawajafunga.

Mambo ya safari hutayakuta humu. Nani wa kumpigia ukifika, chakula gani usinunue njiani, pesa uzifiche wapi, yote hayo mama yako ameshakueleza, na mengine amekueleza mara mbili. Mimi nakuandikia kwa sababu ya neno nililokujibu Jumapili tukiwa mezani. Ulisema unafikiria kuomba chuo wakuruhusu uanze mwakani. Ukauliza, "Baba, mimi nikiwa Dodoma, mashine ya Mama ikinyamaza, nani ataifufua?" Nikasema, "Utakwenda." Nikaendelea kula.

Ukaondoa vyombo. Tangu siku hiyo hujasema kama unakwenda au unabaki. Unaaga watu, kweli, lakini nakujua: wewe unaweza kuaga mji mzima halafu asubuhi ukaamka, ukawasha moto na kubandika chai kama vile hakuna kilichosemwa. Sitaki ubaki. Lakini pia sitaki upande basi kwa kuwa baba ameamuru. Nilikupa amri nikasahau kukupa sababu yake, na hilo ndilo kosa langu la siku zote, kama utakavyoona.

Nivumilie nikianzia kwenye mashine. Unaijua kunizidi, lakini mwalimu mstaafu akinyimwa nafasi ya kueleza huugua.

Unakumbuka nilivyokufundisha mara ya kwanza, ukiwa na miguu isiyofika chini ukikaa kwenye kiti hiki? Nilikwambia programu za kompyuta ni kama unga. Watu wengi wanachukua unga wa paketi: umeshasagwa, umeshafungwa, wewe kazi yako ni kubeba. Linux yetu, mfumo unaoiendesha kompyuta hii, si ya namna hiyo. Yetu ni ya kupeleka mahindi mashineni. Unaipata programu ikiwa bado punje, yaani maandishi yenyewe ya walioitunga, na kompyuta yako ndiyo inayoisaga. Kazi hiyo inachukua muda, na walimu wenzangu walinicheka sana, "Mwalimu unasubiri nini hapo, ugali?" Lakini faida yake ni ileile ya mashineni. Kabla ya kusaga unaulizwa: tukoboe, au dona? Kila programu ina maswali yake ya namna hiyo, na kila swali lina swichi: isagwe na sauti au bila sauti, na picha au bila picha. Usichokihitaji hukisagi. Kompyuta yetu kuukuu, yenye kumbukumbu ndogo, imeishi mpaka leo kwa ajili hiyo tu.

Swichi hizo zinaandikwa mahali pawili. Kuna faili la make.conf, ambalo ukiandika neno humo linahusu programu zote, za leo na za kesho. Ni kama kumwambia mwenye mashine ya kusaga, "Mizigo yangu yote, siku zote, koboa." Halafu kuna package.use. Humo unataja programu moja kwa jina lake na kusema inachohitaji yenyewe: gunia hili dona, kile kifuko cha uji wa mtoto kikobolewe. Neno la swichi ukiliandika tupu, umekubali. Ukilitanguliza kistari, umekataa.

Mimi nilikuwa mtu wa make.conf. Si kwenye kompyuta tu.

Tulipohamia hapa Newala ulikuwa mchanga. Maji unayajua yalivyo hata sasa. Wakati ule tulikuwa hatuna tangi la mvua, na maji ya kununua yalikuja yalipotaka yenyewe. Nikaweka sheria: kila mtu wa nyumba hii ndoo moja kwa siku. Niliiona sheria nzuri sana. Niliitangaza nikiwa nimesimama, kama niko gwaride la asubuhi shuleni. Mama yako alikuwa amekupakata.

"Kila mtu ndoo moja?" akauliza.

"Kila mtu. Haki ni usawa."

"Na huyu?" akakuinua. "Hajui hata kunawa, naye ndoo moja?"

"Naye."

"Na mimi ninayefua nepi zake, ndoo moja?"

Nikaanza kuhesabu ndoo kwa vidole.

"Baba Winfrida," akasema, "ubahili wako wa Kipare nilidhani unaishia kwenye nyama. Kumbe umefika mpaka kwenye maji!"

Alicheka mpaka ukaanza kulia. Sheria yangu haikufika Jumamosi. Yeye hakuweka nyingine badala yake. Kila asubuhi alitazama nani anafua, nani anakwenda kazini, nani anaumwa, akagawa. Nilinung'unika kwamba hakuna utaratibu. Ulikuwepo, ila ulikuwa unajua majina ya watu.

Ungedhani nilijifunza. Nilijifunza kuhusu maji. Mtu mzima anaweza kujifunza jambo kwenye ndoo na asilijue kwenye meza.

Miaka ile wanafunzi wangu wa fizikia walikuwa wakija sebuleni kwetu kutumia kompyuta, kwa kuwa shuleni ilikuwa haipo. Mimi nikitoka kidogo, wao wanaweka muziki. Majirani wakalalamika. Nikaenda kwenye make.conf, nikaandika kistari na kila neno linalohusu sauti. Programu zote zikasagwa upya bila sauti, na sebule ikatulia. Nilifurahi kwa ujanja wangu. Wale wanafunzi walimaliza shule, wakatawanyika, wengine sasa wana watoto. Ule mstari ukabaki. Sikuandika pembeni kwa nini niliuweka, ingawa nafasi ya kuandika ipo: unaanza na alama ya reli, ileile tunayomalizia tukibonyeza namba za kutuma pesa kwenye simu, na kila kitakachofuata kompyuta inakiruka, inakiachia binadamu. Binadamu mwenyewe nilikuwa mimi, nikaona sina haja ya kujiandikia. Nilichogundua baadaye ni kwamba sababu hufa kabla ya sheria. Sheria inabaki peke yake, haina wa kuisemea, na kila mtu anaogopa kuifuta, hata aliyeitunga.

Kisha presha ya macho ikamjia mama yako. Nenda rudi hospitali ya Ndanda, matone, miwani, matone mengine. Wauguzi walikuwa wema na daktari alitueleza ukweli taratibu: kilichopotea hakirudi, tutalinda kilichobaki. Kilichobaki nacho kikaondoka. Wewe ulikuwa bweni, na barua tulizokuandikia zilisema "Mama anaendelea vizuri," kwa sababu yeye ndiye aliyeniambia la kuandika.

Nikawa namsomea mimi. Biblia, magazeti, ujumbe wa simu. Nitakwambia jambo ambalo hujawahi kulijua: nilikuwa naruka. Sehemu ndefu zenye majina mengi ya watu wa kale nilizipita kimyakimya. Nilidhani hajui.

Ndipo nikasikia kwamba kompyuta inaweza kusoma kwa sauti, hata kwa Kiswahili. Nikafungua make.conf na kuona mistari yangu ya kunyamazisha. Unajua nilichofanya. Nilifuta vistari vyote, nikageuza amri nzima: sasa kila kitu kiwe na sauti! Mashine ikapanga kusaga upya karibu vyote vilivyomo. Ikasaga mpaka ikapata joto ikajizima. Nikaiwasha, umeme ukakatika. Umeme uliporudi, ikajizima tena. Mama yako alikuwa anakaa karibu yake kila jioni, mikono mapajani, anasubiri sauti. Hakuniuliza. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Ukaja likizo. Ulitazama faili langu, ukashusha pumzi.

"Baba, kikokotoo kinahitaji sauti ya nini?"

"Nimeona bora vyote viwe nayo."

"Vyote havisomi. Kinachosoma ni hiki, kinachotamka ni hiki, na huyu hapa katikati anapeleka maneno kwa mwenzake. Wengine wote waache walale."

Ukarudisha ukimya wangu kama ulivyokuwa, ukafungua package.use, ukaandika mistari isiyojaza kiganja. Jioni ileile mashine ilizungumza. Uliichapia "Shikamoo Mama," nayo ikatamka kwa lafudhi ile ya ajabu, na mama yako akaitikia, "Marahaba mwanangu," kabla hajakumbuka kwamba anaongea na chombo. Kisha akaangua kicheko. "Huyu naye katokea wapi? Anaongea kama padri mgeni wiki yake ya kwanza!" Kabla ya kulala akaifanya imsomee sura ambayo mimi nilikuwa nimemsomea juzi yake. Ikasoma yote. Akanigeukia uso wake na kusema kwa upole, "Kumbe hapa kulikuwa na maneno mengine, Mwalimu."

Siku ile niliona mtoto wangu anafanya kwa utulivu kile nilichoshindwa kwa nguvu. Sikukwambia. Nakwambia leo.

(Mama yako anasema nisijifanye ni mimi peke yangu niliyeona.)

Sasa nije kwenye swali lako, nani ataifufua. Jumanne ulipokwenda Masasi kununua vitu vya chuo, nilimwambia mama yako nataka nijaribu. Faili lako la package.use nililiweka pembeni salama, usihofu. Nikaanza jipya, kwa mkono wangu, bila kuchungulia lako. Ili kuokoa muda nilinakili maneno fulani ya swichi kutoka faili langu kuukuu, la enzi za sebule na wanafunzi. Nikaamuru programu zako zile tatu zisagwe upya. Zikasagwa salama, hakuna lawama hata moja kwenye skrini. Nikawasha. Kimya.

"Ipo?" mama yako akauliza.

"Haipo."

"Imekufa au imenyamaza?"

"Imenyamaza."

"Afadhali. Aliyenyamaza ana jambo."

Nikatafuta tena, sikuona kosa. Nikasogeza mkono kwenye faili lako. Sijui alijuaje, labda kwa mlio wa vitufe.

"Unafanya nini?"

"Narudisha la Winfrida."

"Ukirudisha la Winfrida tutakuwa tumejifunza nini? Nisomee ulichoandika wewe."

Nikamsomea haraka, kama mtu anayejua.

"Sivyo," akasema. "Nimefundisha darasa la kwanza maisha yangu yote. Mtoto anayekimbia ndiye anayekosea. Nisomee alama kwa alama."

Basi mzee mzima nikasoma kama mtoto wa darasa la kwanza, kidole kwenye skrini. Mstari wenyewe ulikuwa huu:

app-accessibility/speech-dispatcher alsa -espeak

Hiyo ndiyo programu uliyoiita wa katikati, anayepeleka maneno. Alsa ni njia ya sauti kufika spika, na espeak ndilo jina la anayetamka. Nikasoma: app, kistari, accessibility, mkwaju, speech, kistari, dispatcher, nafasi, alsa, nafasi, kistari, espeak.

"Ngoja," akasema. "Kistari cha kwanza kinaunganisha nini na nini?"

"App na accessibility."

"Cha pili?"

"Speech na dispatcher."

"Cha tatu?"

Nikatazama. Nikarudisha kidole.

"Mwalimu, cha tatu kinaunganisha nini na nini?"

"Hakiunganishi kitu," nikasema. "Kinakataza."

"Basi umemkataza mwenyewe asitamke, halafu unashangaa hatamki."

Nilikuwa nimeupitia mstari ule mara nyingi, na macho yangu mazima yaliona vistari vitatu, yakavihesabu vyote kuwa ndugu. Kistari ni kilekile. Katikati ya jina kinashika mkono huku na huku. Mwanzoni mwa neno kinafunga mlango. Nilikifuta, wa katikati akasagwa upya, na ilipofika saa ya kupika mashine ikamsalimu mama yako kwa lafudhi yake ya padri mgeni. Aliitikia kwa heshima zote.

Kwa hiyo, Winfrida, wataifufua wawili: mmoja anaona na haangalii, mwingine anaangalia na haoni. Sikudanganyi kwamba itakuwa rahisi. Itanyamaza tena, na safari nyingine tutashindwa jioni nzima, labda na siku ya pili. Siku hizo nitamsomea mimi, na sitaruka majina ya watu wa kale. Tukishindwa kabisa tutakupigia simu, nawe utatuelekeza ukiwa na kalamu sikioni, na hapo utakuwa mtoto anayesaidia wazazi wake, si mtoto aliyewekwa rehani na kompyuta.

Sababu yangu yenyewe bado sijaitaja. Nimezunguka kama ninavyozunguka siku zote. Ni hii. Tangu Jumapili mama yako ameacha kukuita. Umeona? Zamani ilikuwa "Winfrida, nitafutie ule ujumbe," "Winfrida, imekwama." Wiki hii kimya. Wewe ulidhani amechukizwa nawe kwa kutaka kuondoka, au kwa kutaka kubaki, nikakuona unavyomtazama. Hakuchukizwa. Anajizoeza. Anapapasa vitufe mwenyewe ukiwa nje, na ukiingia anaacha, ili usione anavyohangaika ukapata hoja. Ulipolala yeye aliniambia, "Huyu mtoto akibaki kwa ajili yangu, kila nikimwita nitasikia gharama yake." Ndiyo maana nilisema utakwenda. Nilitakiwa kukwambia hivyo mezani, mbele yake, na chakula kikapoa. Nikaandika kistari badala yake.

Kuna mistari yangu mingi uliyobeba, mwanangu, na mingine niliiandika kwa ajili ya majirani wa zamani na shida ambazo hazipo tena. Usiongee ukila. Usiwe wa kwanza kunyoosha mkono. Usimwamini mtu mwenye haraka. Usilie mbele ya wageni. Huo wa mwisho niliutunga siku uliyoanguka kwenye mkorosho, kwa sababu kulikuwa na wageni na mimi niliona aibu. Sababu nyingine haikuwepo. Ukikutana nayo huko, iulize imetoka wapi. Isiyo na jibu, ifute. Usiwe kama mimi na kugeuza kila kitu siku moja kwa hasira, mpaka mashine ipate joto. Mmoja mmoja, kwa jina lake, kwa hitaji lake. Na watu utakaokutana nao Dodoma uwafanyie vivyo hivyo: mwenzako wa chumbani akihitaji taa wakati wewe unahitaji giza, msitafute sheria ya chumba. Mtafutane nyinyi.

Mama yako ananiambia nimeanza kuhubiri na karanga zimekwisha. Kweli zimekwisha.

Nimebakiza kusema kwamba nitakukosa mahali ambapo sikutegemea. Si mezani, si kanisani. Nitakukosa ninapoandika jambo la kijinga kwenye kompyuta na hakuna anayeshusha pumzi nyuma yangu.

Ungetaka na neno la mama yako, najua. Nimemuuliza anataka niandike nini. Amefuta mikono kwenye khanga, akafikiri, akasema:

"Mwandikie hivi. Begi lake nimeshalifunga mimi. Nilianza alipotoka tu. Nguo nimezikunja kwa kugusa na zimekaa vizuri kuliko angezikunja yeye mwenye macho. Sweta liko juu kabisa, kwa ajili ya ukungu wa alfajiri. Akitaka kubaki sitamzuia. Ila alifungue yeye mwenyewe, mbele yangu, na anitajie kila nguo anayoitoa."

Nimeandika kama alivyosema.

Baba yako